Kwa Rebeka, Kabla Hujajaza Fomu Zako

Rebeka mwanangu,

Sitakuuliza hali. Hali yako naijua: saa nne asubuhi hii umetoka humu ndani umekataa uji, umechukua ndizi moja na chaja ya simu, ukaenda kwa Mama Furaha kusukwa. Jana alinipigia, akaniambia kwa Kiswahili chake cha Kongo, "Mama Rebeka, mtoto aje mapema. Rasta za kidogo-kidogo zinakamata saa mingi, na ile nywele yake iko nguvu kama waya." Nikahesabu saa sita. Nina saa sita za kuandika jambo nililoshindwa kulisema kwa miaka kumi na minne, na nusu saa ya kwanza nimeshaimaliza nikifuta meza ambayo haikuwa chafu.

Habari za koti, pasipoti, dawa na namba za kupiga ukikwama uwanja wa ndege ziko kwenye karatasi niliyobandika kwenye friji. Hii ni karatasi nyingine. Kesho saa kama hii utakuwa angani kuelekea Uholanzi kuanza chuo, nami nitakuwa nimesimama kwenye chumba chako kisicho na kitu.

Nitalisema sasa, kabla sijaanza kulizungusha. Ulikeketwa, Rebeka. Ulikuwa na miezi kumi. Ilikuwa Singida, nyumbani kwa bibi yako, mimi nikiwa chuoni Dar es Salaam. Mimi nilijua, nikanyamaza.

Naomba usiitupe barua. Ukiitupa, iokote baadaye.

Alhamisi iliyopita ulisimama nyuma ya kiti changu na bakuli la tambi, ukaniuliza kwa Kiingereza, kama kawaida yako, hizo namba ninazokodolea macho kila siku ni za nini hasa. Umeishi na kazi yangu miaka yote bila kuiuliza, nami sikukupa sababu ya kuiuliza. Nikakueleza kama ninavyowaeleza wageni. Kwamba huwezi kupita nyumba kwa nyumba Ulaya ukiwauliza wanawake kama walikeketwa. Kwamba hospitali zina kumbukumbu, lakini za wale tu waliofika hospitali, wakapata daktari aliyejua anachokitazama, na daktari huyo akakiandika. Kwa hiyo tunakadiria. Tunachukua idadi ya wanawake wanaoishi nchi fulani ya Ulaya, tunawagawa kwa nchi walizozaliwa na kwa umri, halafu kila kundi tunalizidisha kwa kiwango cha ukeketaji cha kule walikotoka. Tunajumlisha. Jumla hiyo ndiyo watu huisoma kwenye ripoti.

"Kwa hiyo nikifika Uholanzi na mimi nitaingia humo?"

"Utaingia. Mwanamke, mzaliwa wa Tanzania, miaka kumi na minane."

"Mnanizidisha kwa ngapi?"

Nikakuonyesha maelezo yaliyo chini ya jedwali, mstari wa sita: msichana aliyeondoka nchi yake kabla ya kutimiza miaka mitano ahesabiwe salama. Wewe ulifika hapa Marekani ukiwa na miaka minne.

"Mara sifuri!" ukacheka mpaka tambi ikadondoka kwenye zulia. "Yaani nasafiri mpaka Ulaya kwenda kuwa sifuri."

Nami nikacheka. Nilijisikia nikicheka. Mstari ule niliuandika mimi.

Ngoja nirudi nyuma, maana kosa langu halikuanzia hapo.

Nilikuzaa nikiwa na miaka kumi na tisa, nimetoka tu kumaliza kidato cha sita. Baba yako alikuwa ameshahamia Mwanza na maisha mengine; hilo unalijua, siliongezi. Ulipofika miezi saba nilipata nafasi ya chuo. Bibi yako akasema, "Nenda. Mtoto ni wangu, ana jina langu." Ni kweli, jina lake ndilo lako, ndiyo maana nikikubembeleza nakuita mama. Nilikuacha mgongoni kwake, umelala, umefungwa kanga ya kijani, nikapanda basi bila kugeuka kwa sababu niliambiwa mtoto akiamka atalia.

Miezi mitatu baadaye alinipigia simu jioni. Kesho yake nilikuwa na mtihani wa takwimu. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za bweni na daftari mapajani. Akasema, "Mtoto alikuwa na lawalawa. Tumeshamtibu. Amepona, anacheza."

Unastahili kujua lawalawa ni nini. Kwetu ni jina la ugonjwa wa watoto wa kike, wakiwashwa na kutoka usaha huko chini. Daktari yeyote atakuambia ni uchafu na vijidudu, dawa yake ni maji safi, sabuni na vidonge vya siku chache. Lakini wazee walisema ni mizimu imekasirika, na mizimu inataka mtoto akatwe. Serikali ilipopiga marufuku, wasichana wakubwa wakawa hatari kuwakata, maana wanasema, wanakimbia, wanaripoti. Mtoto mchanga hasemi. Hivyo lawalawa ikawa inawapata wachanga wengi kuliko zamani, na kila aliyepata "alitibiwa", na hakuna aliyesema kakeketwa. Neno la kosa walikuwa wameshalibadilisha likawa neno la tiba.

Je, nilijua hayo pale kwenye ngazi? Nimejiuliza swali hili kwa miaka. Nilikuwa nimesikia wanawake wakisema mtoto fulani "ametolewa lawalawa", wakishusha sauti. Nilijua kwamba sauti haishushwi kwa ajili ya vidonge. Sikujua, na nilijua. Ningeweza kuuliza: mmemtibu kwa nini? Nani kamtibu? Maneno mawili matatu tu. Nikatazama daftari langu na nikasema, "Asante, Mama."

Nilisema asante. Mtihani nilifaulu.

Nikuambie na la pili, kwa sababu linafanana na la kwanza. Mwaka mmoja kabla hujazaliwa, walipita watafiti nyumbani kwetu na dodoso. Dada mmoja mwenye miwani, mpole, akaniketisha uani akaniuliza mambo ya afya, na katikati yake, bila kubadilisha sauti: "Je, wewe umekeketwa?" Nilikuwa msichana wa sekondari, napenda kujibu vizuri. Nikasema, "Hapana," kwa fahari kabisa, na nikaongeza kwamba ni mila potofu. Bibi yako alikuwa hatua chache pembeni anachambua mchele kwenye ungo. Alisikia swali na alisikia jibu. Hakuinua kichwa, lakini mikono yake ilisimama, halafu ikaendelea.

Majira yangu ya kwanza ya baridi hapa, wewe ukiwa bado Singida, nilikwenda kliniki kupima mlango wa kizazi kama wanavyotaka. Kwenye faili waliandika lugha yangu ni Kiswahili, basi wakaniletea mkalimani wa simu, ingawa nilikuwa nasoma shahada ya uzamili kwa Kiingereza. Nikaona aibu kumkataa. Ilikuwa sauti ya mzee wa Kongo kwenye spika ya ukutani. Daktari akanitazama, akauliza kwa upole jambo hili lilinitokea nikiwa na umri gani. Nikajibu kwa Kiingereza, jambo gani? Daktari akadhani sijaelewa, akaigeukia spika. Mzee akakohoa.

"Mama... docteur anasema walikukata. Kule chini. Pardon, mama, mimi ni mzee wa kanisa, sijazoea kusema hivi na mtoto wa watu. Unisamehe sana."

Ikabidi mimi ndiye nimfariji. "Usijali, baba," nikasema. "Si kosa lako." Nilikuwa nimelala pale na karatasi imenifunika magoti, namwambia mtu nisiyemwona kwamba si kosa lake.

Hivyo ndivyo nilivyojua kuhusu mwili wangu: miaka ishirini na miwili, kupitia spika. Na ile "hapana" yangu ya uani ilikuwa imeshaingia kwenye hesabu za taifa. Bado imo. Ni sehemu ya kiwango ninachokizidisha hadi leo, nikikaa dirishani hapa katika mji wetu wa Savage, naangalia malori yakipakua nafaka kule mtoni.

Jioni ile nilimpigia bibi yako. Unamjua, hapokei swali bila kulirudisha.

"Mama, mlinikata?"

"Nani kakuambia?"

"Daktari."

"Daktari huyo hana kazi nyingine? Ulikuwa na lawalawa. Ulikuwa unakufa."

"Na Rebeka?"

Nilisikia kuku, na nikakusikia wewe, Rebeka, unaimba kitu cha Shule ya Jumapili, unarudia mstari mmoja.

"Mama, na Rebeka?"

"Si nilikuambia? Nilikupigia simu nikakuambia, ukasema asante." Halafu, kwa sauti ya chini zaidi, "Mimi nilikatwa nikiwa na akili zangu, nikizishikilia fito za ukuta. Nyinyi niliwapa mkiwa hamjui kitu. Nilidhani hiyo ndiyo huruma. Wewe umekatwa, na umesoma mpaka Ulaya."

"Niko Marekani, Mama."

"Ni kule kule."

Hiyo ndiyo sentensi ninayoisikia ninapoandika ripoti za Ulaya. Ni kule kule.

Ulipofika hapa, mwaka uliofuata, ukiwa na sweta mbili na mba kichwani, nilikuogesha jioni ya kwanza huku nimeangalia vigae vya ukuta. Nilivihesabu. Nilijiambia nikiona, nitalazimika kufanya jambo; nisipoona, wewe ni mtoto aliyefika salama. Mtu aliyesoma namna ya kupima vitu alikataa kumtazama mtoto wake mwenyewe.

Niliogopa nini? Nitakuambia, si kwa kujitetea. Niliogopa watakuchukua. Nilikuwa na viza ya mwanafunzi, nafanya kazi zamu za Jumamosi kwenye ghala kule Shakopee, nafunga maboksi na akina mama wa Kongo, na kila mmoja alikuwa na hadithi ya mtoto fulani aliyechukuliwa na serikali. Niliogopa wataniuliza nani, nami nitalazimika kumtaja mama yangu. Niliogopa zaidi kwamba wewe utaniuliza nilikuwa wapi.

Ukiwa na miaka kumi na moja ulipata maumivu ya mkojo, unakumbuka. Ulikuwa ukilia chooni umefungulia bomba ili nisisikie. Nikakupeleka. Muuguzi akaleta fomu, na humo kulikuwa na swali lile lile, kwa maneno marefu ya adabu. Nikachukua kalamu nikaweka alama kwenye "hapana". Wewe ulikuwa unachungulia begani kwangu, unasoma.

"Kwa nini unajibu wewe?" ukasema. "Hilo swali linanihusu mimi."

"Wewe ni mtoto."

Daktari akataka kukuangalia. Nikasema una aibu, kwetu mabinti hawazoei, apime mkojo tu atupe dawa. Nilitumia "kwetu" kama pazia, na yule mama wa watu akaheshimu mila zangu. Maumivu yakarudi mara tatu mwaka ule. Mara zote nilijibu mimi. Sijui kama yalitokana na kukatwa. Huenda hapana. Nilizuia mtu pekee ambaye angeweza kutuambia, na kwa hiyo sijui, na wewe hujui, na hilo ndilo linaloniamsha alfajiri kuliko mengine yote.

Sasa mstari wa sita. Mwaka juzi tulipoanza ripoti hii, mwenzangu aliyeko Uholanzi aliniuliza kwenye kikao cha video: hawa walioondoka wakiwa wadogo sana tuwafanyeje? Lilikuwa swali zuri. Jibu la kweli lilikuwa kwamba kuna sehemu ambako mtoto mdogo ndiye hasa anayekatwa, kwamba kiwango cha taifa letu ni kidogo lakini cha mkoa wetu ni habari nyingine, kwamba kuondoka mapema si kuondoka salama. Nilikuwa nayo yote mdomoni. Nikasema, "Wahesabiwe salama. Kule hukatwa wakubwa."

Akasema, "Sawa. Wewe unatoka kule, unajua kuliko sisi."

Wote wakaandika. Hakuna aliyeuliza tena, kwa sababu aliyesema ni mimi. Nilikuwa nimepata namna ya kukufanya uwe hujaguswa. Niliweka kwa maandishi, na chini yake kuna majina ya watu wenye shahada. Wala si wewe tu. Kila binti aliyebebwa akiwa mdogo kutoka kwetu kwenda miji ile, ambaye siku moja atalala mbele ya daktari asiyetarajia kitu kwa sababu ripoti inasema hakuna kitu, huyo nimemfuta pamoja nawe. Nilikuwa natafuta kulala usingizi, Rebeka. Sikuwa nakadiria.

Ningekuambia lini? Nilipanga ukifika kumi na tatu, ukawa na mtihani wa kuogelea. Nilipanga kumi na sita, ukapata wale marafiki wa Eden Prairie na ulikuwa unacheka sana mwaka ule, sikuweza. Kila Jumapili ulikuwa kwenye simu na Bibi, anakufundisha vitendawili vya Kinyaturu, unakosea, anakutania, "Mzungu mweusi huyu, hata kunde hajui!" na wewe unafurahi. Una kanga yake kwenye begi lako. Nilijiambia nikikuambia ukweli nitakunyang'anya bibi. Lakini hiyo nayo ilikuwa pazia. Mtu niliyekuwa namlinda ni yule aliyekaa kwenye ngazi.

Sikuambii umfanyeje Bibi. Mpende au nyamaza au mpigie umfokee. Ana miaka sabini, ataweza. Mimi nimejaribu kumchukia na nimeshindwa, na nimejaribu kumsamehe na hilo nalo sijalimaliza. Siku nyingine nakumbuka fito za ukuta. Siku nyingine nakumbuka mikono yake kwenye ungo, jinsi ilivyosimama, na ninakasirika. Kama alijua kuna cha kunyamazia, basi alijua ni kosa.

Na mimi? Sikuombi kitu leo. Nimeanza sentensi ya kuomba msamaha mara nne kwenye karatasi nyingine, na kila mara inasomeka kama ninataka unibebee mzigo ili nipande basi.

Nataka tu usijue kama nilivyojua mimi. Chuo chako kitakupa fomu za afya wiki ya kwanza. Nimeziona kwenye barua pepe yao. Swali limo, ukurasa wa pili. Kwa mara ya kwanza hakuna mahali pa sahihi ya mzazi. Nilipoliona nilikaa chini sakafuni hapa jikoni, maana nilielewa kwamba utaweka alama kwenye "hapana" kwa fahari kabisa, kama mimi uani, na kwamba wewe hutakuwa unadanganya.

Jibu lolote utakaloliandika, liandike ukijua. Ukitaka kuacha wazi, acha. Ukitaka kuangaliwa na daktari kabla hujasafiri, tutaahirisha ndege, nimeshauliza, inawezekana. Ukitaka kwenda peke yako, nitakaa kwenye gari. Ukitaka nisikae hata kwenye gari, nitakaa nyumbani.

Asubuhi, ulipotoka tu, nilimwandikia mwenzangu kwamba mstari wa sita ufutwe, si kweli, na hesabu zote zilizoutegemea zirudiwe. Amejibu haraka, kwa adabu, akauliza: sababu ni nini, maana tutahitaji kuieleza. Zipo sababu za vitabuni, nitamtumia. Ile nyingine sijamwandikia. Si yangu. Ni wewe utakayeamua kama kuna mtu yeyote duniani wa kuijua.

Mama Furaha ametuma picha sasa hivi. Umemaliza. Umependeza, shingo yako imeonekana, na umekunja uso kwa sababu amekubana pembeni. Ameandika, "Analia kama mtoto, huyu wa Ulaya!" Una nusu saa ya barabara.

Nilikuwa nimepanga kuificha hii kwenye begi, chini ya viatu, uikute ukiwa umeshafika. Nimeshaifungua zipu mara mbili. Lakini huko nako utakuwa peke yako na karatasi, nami nitakuwa tena mtu wa upande wa pili wa simu, anayesubiri uniambie umepona.

Kwa hiyo nitakupa mkononi ukiingia mlangoni. Soma popote unapotaka, chumbani, kwenye ngazi, garini. Nimezima simu. Nimekaa kwenye kiti kinachotazama mlango, na nitakuwa hapa ukimaliza. Uliza lolote, kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, kwa kelele ukitaka. Yale maneno mawili matatu ambayo mimi sikuyauliza.

Mama yako